Aliyemwitikia Bibi Makaburini

Bibi yangu wa Handeni huniita "wewe mtoto wa Korogwe", hata akiwa na furaha. Mgeni aliitwa "mwanangu" siku ya kwanza, kabla hajavua viatu.

Alikuwa binti wa rika langu, aliyekulia Marekani. Mababu zake, Wazigua kama sisi, walichukuliwa utumwani hadi Somalia; serikali ya kule ilipopinduliwa na vita kuanza, wazazi wake wakakimbia. Sasa alikuja kuitembelea nchi ya wazee. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Lakini Kizigua! Alikimwaga kile cha zamani walichokitunza kwao, Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nimezaliwa Manundu, pale Korogwe, baba Msambaa, mama Mzigua, nyumbani Kiswahili. Kizigua nakisikia, kukijibu siwezi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikampa, tukaenda kusafisha makaburi kwa ajili ya tambiko. Nilitaka achoke. Akatoka malengelenge, na Bibi akampaka mafuta ya nyonyo kidole kwa kidole. Mikono yangu inalima pale kila mwaka, haijapakwa hata mate. Roho iliniuma, sifichi.

Kwenye tambiko Bibi husema kwa Kizigua na wazee waliozikwa pale, na mtu wa damu yake hushika kibuyu cha maji na kumwitikia. Tangu mama afariki, mtu huyo ni mimi. Mimi huitikia "ehe" tu, Bibi anapovuta pumzi. Siku hiyo kibuyu nilikuwa nimeshakishika. Bibi akaanza kuwaita wazee, na mgeni, nyuma yangu, akamwitikia kwa maneno yenyewe. Bibi akanigeukia, akakitoa kibuyu mikononi mwangu, akampa yeye.

Nilitangulia nyumbani, nikatwanga mihogo mikavu ambayo hakuna aliyeniagiza kuitwanga.

"Bibi, umeninyang'anya," nilimwambia aliporudi.

"Miaka yote hii nilikuwa nasema peke yangu," akajibu. "Leo nimepata mwenzangu. Ningefanyaje, mjukuu wangu?"

"Basi nifundishe."

"Mimi meno yamekwisha, na pumzi nayo. Kamwombe mwenzio. Kesho anaondoka."

Nilikaa jikoni mpaka moto ukafifia. Kisha nikaenda chumbani alikokuwa akifunga begi, nikamwomba yule mgeni anifundishe kusema na wazee wangu.