Taarifa Iliyosubiri Idhini Yangu

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa hasira, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Wa pili ni wewe. Juzi ulikuja hapa kwangu Kibaha ukajisifu kwamba umevitengenezea tovuti vikundi vitano, na nywila zote unazo peke yako. "Wakitaka kitu si watanitafuta," ukasema, ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuacha uondoke kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana. Leo nimepoa kidogo, kwa hiyo kaa unisikilize.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa karani hapa hapa Kibaha, na jioni nilijifunza kujenga tovuti kwa programu huria, ile ambayo watu tusiowajua wameiandika na kuitoa bure: uichukue, uibadilishe, umpe na mwenzako. Wakulima wa mananasi wa Maneromango, kule Kisarawe, wakanisikia wakaniita. Katibu wao alikuwa Mwalimu Tabitha, mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima. Hakutaka mapambo. Barabara yao haiaminiki mvua ikinyesha, naye alitaka mahali pa kuandika kila asubuhi kama inapitika, ili mwenye gari la mananasi na mwenye mgonjwa wajue kabla hawajatoka.

Nikaijenga. Mwalimu akawa anaandika kwa simu yake kila alfajiri na kuchapisha mwenyewe. Madereva wakasoma, watu wa vijiji vya jirani nao wakaanza kumpigia wampe habari za upande wao. Tovuti ikakua, na aliyeikuza ni yeye, ila sifa nilizipokea mimi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikalitia. Siku moja mwenzangu wa ofisini aliisoma akacheka mpaka machozi, kwa kuwa taarifa ya barabara ilianza na tangazo la mbuzi aliyepotea na salamu za kipaimara. Nikaona haya. Programu ile inakuwezesha kupanga nani aandike tu na nani achapishe, basi nikamshusha Mwalimu bila kumwambia. Kuanzia siku ile alichoandika kilikaa pembeni kama rasimu mpaka mimi nikipitie. Mwalimu wa watu, aliyefundisha watoto wa Maneromango kusoma kabla mimi sijazaliwa! Hata leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Masika ikaingia. Asubuhi moja simu yangu ikaniarifu kwamba kuna rasimu mpya. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penyewe: niliiona. Nilikuwa na chai mkononi na chapati mbele yangu, nikajisemea nitaipitia baadaye, huenda ni mbuzi tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini siku ile halikuumia tumbo langu. Mwalimu alikuwa ameandika hivi: "Karavati limekatika. Msipite. Zungukeni njia ya juu." Kwenye tovuti, watu waliendelea kuona maneno ya jana yake, kwamba barabara inapitika.

Asubuhi hiyo hiyo mkulima mmoja, Mzee Shomari, aliumwa na nyoka katikati ya mananasi yake. Mpwa wake akampakia kwenye gari, akatazama tovuti, akaona inapitika, akakanyaga mafuta. Walipofika kwenye karavati wakakuta shimo na maji yanapita. Ikabidi warudi nyuma, wazunguke njia ya juu, na muda ukazidi kwenda. Hospitali ya Kisarawe waliifikia, na mzee akapona. Mguu haukupona. Ulikatwa chini ya goti.

Baadaye Mwalimu Tabitha alikuja ofisini kwangu. Nikasimama nikamwamkia, shikamoo yangu akaiacha ikining'inia.

"Niliandika saa moja asubuhi," alisema. "Ilikwenda wapi?"

"Ilikuwa inasubiri idhini yangu, Mwalimu."

"Wewe uko Kibaha, karavati liko Maneromango. Idhini ya nini?"

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Hii programu uliinunua?"

"Hapana, Mwalimu. Inatolewa bure."

"Na hao waliokupa, waliweka mtu wa kukupitia kila unachoandika?"

"Hawakuweka."

"Basi hilo kufuli ulilotufungia sisi umelitoa wapi?" Akachukua mkoba wake. "Nenda kamwambie Shomari mwenyewe. Mimi sikusemei."

Nilikwenda. Nilimkuta mzee nyumbani kwake, amekaa kitandani, mguu umefungwa bendeji. Akafurahi kuniona, akaniambia asante kwa ile tovuti, akaagiza niletewe nanasi. Nikaliacha nanasi bila kuligusa. Mwisho nikamweleza yote: kwamba taarifa ilikuwepo tangu asubuhi, kwamba niliiona, kwamba nilikuwa nakunywa chai.

Akautazama mguu wake uliofungwa.

"Kwa hiyo Tabitha aliandika," alisema.

"Aliandika, mzee."

"Mimi nilidhani alilala. Tangu nitoke hospitali amekuja hapa mara tatu, na mara zote nimemgeuzia uso ukutani."

Wala Mwalimu hakuwa amejitetea. Alijua kwamba mwenye neno ni mimi, akaningoja nilitoe. Mzee Shomari akamwita mpwa wake, akamwambia akamlete Tabitha haraka, na alipomsikia mlangoni akaanza kulia kabla hajaingia. Mwanangu, sijapata kuona aibu kama ile. Nilimkabidhi Mwalimu tovuti palepale, kila kitu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ninaye hadi leo.

Sasa wewe unakuja kunichekea na nywila zako tano! Umepewa kitu kilicho wazi, ukakitia kufuli, kisha ukajiita fundi. Nakuambia bila kukuremba: huo si ufundi, ni uroho. Kabla hujalala leo, kila kikundi kiwe na msimamizi wake anayeishi palepale, na si mmoja, wawe wawili, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Jina la tovuti liandikishwe kwao. Wafundishe kuhifadhi nakala, wafundishe kurekebisha wanapokosea, kisha kaa mbali. Wakianza na mbuzi, waache waanze na mbuzi. Aliye jirani na shimo ndiye aliyeliona, na kazi yako wewe ni kuhakikisha sauti yake haikwami kwako.

Mungu akuzidishie akili uliyonayo, mwanangu, na akupe mkono mwepesi wa kuachia. Akuepushe na siku ya kukaribishwa nanasi na mtu uliyemkatisha mguu.