Vipande Alivyovitupa Castory

Kwa miaka thelathini na moja Castory alichambua singa, yaani nyuzi, za mkonge katika shamba moja nje ya Tanga, na hakuna uchafu uliowahi kumpita. Singa fupi, kando. Yenye doa, kando. Hata alipostaafu na kuhamia mtaa wa Mabawa aliuchambua mchele wa mkewe, Devota, mpaka mama wa watu akamfukuza jikoni.

Ndipo Zuwena alipomfuata kumpa kazi. Binti huyo wa mtaa wa Usagara, mkemia, alikuwa na maabara ndogo ya kutafuta plastiki mpya kutokana na mabaki ya mkonge, ya kutengenezea viriba vya miche vinavyooza vyenyewe ardhini. Mkono wa chuma ulichanganya dawa na kumwaga vipande vyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kompyuta ilisoma matokeo, ikajifunza, ikachagua mchanganyiko wa kesho. Castory alitakiwa kubandua kila kipande na kukiweka kwenye mashine ya kukivuta hadi kikatike. Wafadhili walikuwa wametoa miaka miwili, basi.

Castory aliupenda mkono ule. Aliuita Tadeo, jina la mwenzake wa zamani shambani, maana nao haukujua kusema umechoka. Tadeo alipotoa kipande kilichopasuka, au kilichogoma kuganda, Castory alikitupa ndooni kimyakimya bila kukiandika popote. Umpelekee binti wa watu takataka? Thubutu! Vizuri tu ndivyo vilivyopimwa, kama alivyofundishwa tangu ujana.

Mwezi wa ishirini wa kazi hiyo alimkuta Zuwena mbele ya kompyuta, macho mekundu.

"Mzee Castory, mbona inazunguka palepale? Wiki zote hizi inaleta michanganyiko inayofanana."

"Kichwa kigumu tu hicho, mwanangu."

"Hapana, mzee. Hii inajifunza kwa vilivyoharibika kama inavyojifunza kwa vilivyofaa. Isipoviona vibovu, haijui pa kuepuka."

Castory aliitazama ndoo. Alielewa palepale. Miezi minne ilikuwa imebaki, muda wa kutosha kurekebisha. Alihitaji kusema tu. Lakini mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa jicho kali, aseme jicho hilohilo ndilo lililoharibu kazi? Akainuka, akaenda kuimwaga ndoo.

Muda ulipokwisha wafadhili waliaga, Tadeo akafungiwa kwenye sanduku, na Zuwena akarudi kufundisha masomo ya ziada. Castory alikwenda kuungama. Padre alimwondolea dhambi, sawa, lakini si padre aliyepoteza maabara.

Mwezi uliopita Zuwena alibisha hodi Mabawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita."

Akaketi, akaviangalia vidole vyake. "Nimekuja kukuomba radhi. Nadhani hesabu nilizoipa ile kompyuta ndizo zilizokosea, nikakukosesha na wewe kazi. Nimeamua kuachana na utafiti, siuwezi. Lakini wewe, baba yangu, hukunikosea hata siku moja."

Castory alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale, tayari kabisa. Devota akaingia na chai.

"Ongeza sukari, mwanangu," Castory akasema, na mpaka leo hajamwambia lingine.