Chupa Isiyotiwa Hewa ya Ukaa

Kucha za mtafiti yule wa Mbeya zilikuwa na ukijani wa shaba ambao sabuni ilishashindwa kuutoa. Kila asubuhi alipanda na chupa zake hadi juu ya paa, akatia maji na unga wa shaba, akajaza hewa ya ukaa, kisha akazianika ili jua na shaba viigeuze hewa ile kuwa gesi ya kupikia. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, alikaa ngazini akipiga miayo, mikono mapajani, akisubiri uondoke. Atuganile, msaidizi wake, hakuwahi kumsikia akilalamika. Sauti ya mtafiti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuguza mgonjwa chumba cha pili.

Baada ya miaka ya kuambulia patupu, hatimaye mashine ya kupimia ilionyesha gesi, na wafadhili wakaalikwa. Siku ya ugeni, ili kujiridhisha, mtafiti akaanika pia chupa moja isiyotiwa hewa ya ukaa. Mchana akaipima. Nayo ilikuwa na gesi ile ile.

“Ni gundi ya vifuniko,” alisema taratibu. “Jua linaichoma, inatoa gesi. Haikuwa hewa ya ukaa tangu mwanzo.”

“Dokta, wageni wako getini,” Atuganile alinong’ona. “Tuifiche hiyo kwanza. Wakifunga mradi, na sisi tumekwisha.”

Mtafiti alifumba macho kidogo. Kisha akaichukua ile chupa, akaiweka mbele kabisa ya meza, akavuta kiti.

“Waambie wapande,” alisema. “Nitaanza na hii.”