Ree ya Kopa Niliyomficha Baba

Mpendwa msimamizi wa ukurasa huu, shikamoo, na shikamoo kwa wasomaji wote mnaonizidi umri. Naomba jina langu na kijiji changu visitajwe. Hili ninaloandika sijamwambia mtu, hata mama, hata padri. Katika mchezo wa karata ambao haujaisha nina ree na saba za turufu, na nimemfanya baba yangu aamini kwamba sina kitu.

Nina miaka kumi na sita. Nilimaliza darasa la saba mwaka jana na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Tunalima mpunga, njia ya kwenda Mlimba. Mimi ni mwenye haya sana, nikisalimiwa na mgeni sauti inapotea. Matokeo yalipotoka nililia mpaka macho yakavimba, lakini baba hakunigombeza. Alinichukua twende tukaamie ndege shambani, na kule juu ya dungu, lile jukwaa la kufukuzia ndege, akanifundisha karata, mchezo wa arubastini. Unachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Kumbe mimi nakumbuka kila karata iliyokwisha kutoka. Baba alishangaa sana. Akaniambia, "Mama, wao hawakukuchagua, basi mimi nimekuchagua." Akaniandikisha kuwa mwenzake kwenye mashindano ya Pasaka ya Ifakara.

Kwake halikuwa jambo dogo. Pasaka iliyotangulia alishindwa fainali, na desturi ya pale ni kwamba anayeshindwa fainali anavishwa shada la majani ya mgomba na kuzungushwa sokoni. Tangu siku hiyo wanamwita Mzee Mgomba, hata watoto wadogo. Siku hizi misa ikiisha hakai tena na wenzake, anarudi nyumbani moja kwa moja.

Sasa, arubastini ina ishara zake. Ukiwa na ree ya turufu, ile isiyoshindwa na karata yoyote, unamkonyeza mwenzako. Ukiwa na saba, inayoifuata kwa uzito, unavuta mdomo pembeni. Kupeana ishara mezani si kosa, mradi wapinzani wasikuone. Kule dunguni nilijitahidi, ingawa kila nikimkonyeza baba niliona aibu nikageukia ndege. Siku moja mama alituletea chakula akatukuta. "Binti mzima anamkonyeza baba yake mzazi! Nyie mmelogwa? Na huko Ifakara watu watasemaje?" Baba alicheka sana. Mimi sikucheka, maneno yale yaliniingia.

Fainali tulikutana na ndugu wawili kutoka ng'ambo ya Mto Kilombero, watu wa maneno mengi. Mkubwa wao hata hajakaa vizuri akasema, "Mzee Mgomba, safari hii umekuja na wa kukubebea shada?" Watu wakaangua kicheko. Tulikwenda nao sawa mpaka zikabaki karata tatu tatu mikononi, turufu ni kopa. Nikafungua zangu. Ree ya kopa. Saba ya kopa. Ya tatu garasa.

Baba akakohoa. Nilijua ananiuliza. Nyuma yake wamesimama watu tele, wengine wa kanisani kwetu, wote wananitazama. Nikainamisha uso. Akakohoa tena. Yule ndugu mdogo akasema, "Binti, inua macho, karata haziko chini ya meza!" Kicheko kikazidi. Nikatikisa kichwa kidogo, nikitaka tu waache kunitazama. Baba akaelewa kwamba sina kitu. Niliuona uso wake ukishuka.

Hapo hapo mvua ikaja na upepo. Mwamuzi, ambaye ni fundi cherehani, akasimamisha mchezo. Karata za kila mmoja alizifunga kwenye karatasi ya kaki, akazishona kwa uzi mbele yetu, akazifungia kwenye kopo. Wale ndugu walikuwa wanawahi pantoni. "Ishara ni za mezani," fundi akasema. "Atakayetaja karata zake nje ya meza, hata jikoni kwao, ameshindwa." Tukaapa wote wanne. Kisha mto ukajaa, na mpaka naandika pantoni haivuki. Maji yakipungua ndipo tutamaliza.

Baba ndiye atakayeanza kutupa. Kwa kuwa anadhani yuko peke yake, ataanza na garasa na kuficha karata zake nzito, zenye alama nyingi, ambazo kama angejua ninachoshika angenitupia zote nizile. Nikila garasa lake kwa ree mara moja, atajua, lakini nitakuwa nimeitumia bure. Nikingoja wapinzani watupe nzito zao, huenda baba akaziharibu zake kabla. Hayo nayawaza kutwa nzima nikipalilia.

Lakini jana mambo yalizidi kuwa mabaya. Tulikuwa tunakoka moto, baba akaniuliza bila kunitazama, "Mama, zilikuwa mbaya sana?" Nikanyamaza kwa sababu ya kiapo. Yeye akaona kunyamaza kwangu ndilo jibu. "Basi," akasema. "Si kosa lako. Maji yakipungua nitakwenda peke yangu niwaambie wanivishe tu. Wewe usije, sitaki wakuzungushe na wewe."

Nikimwambia, tutakuwa tumeshinda kwa wizi, na baba yangu si mwizi, mwenyewe ataenda kumwambia fundi. Nikinyamaza, atavishwa shada sokoni huku ree imeshonwa ndani ya karatasi. Na yote haya ni kwa sababu sikuweza kufumba jicho moja. Nishaurini wazazi wangu, kaka na dada zangu. Nifanye nini, na kama tukicheza, nianze na ipi?

Ila nawaomba sana, hasa mnaosoma mkiwa ng'ambo ya mto, msimwambie mtu nimeshika nini. Na mkimwona baba, msimwambie. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na ukurasa huu anaupenda kuliko kurasa zote. Mimi ndiye ninayemsomea. Siku barua hii ikitoka nitakuwa nimekaa mbele yake na gazeti mkononi, na sijui kama nitairuka. Mpaka siku hiyo, tafadhali, iwe siri yetu.