Seva Isiyotakiwa Kukaa Uchi

Seva ya ofisini kwetu Kilwa Masoko, kompyuta inayotunza mafaili yetu yote, ilikuwa imezeeka. Kufungua faili moja unamaliza kikombe cha chai. Nikaifungua, nikaipangusa vumbi, nikaipachikia memori mpya. Asubuhi ilikimbia. Adhuhuri, nilipotoka kwenda kula, ikazima. Kesho yake vilevile. Nikamlaani muuzaji wa Lindi, nikaapa ameniuzia kanyaboya.

Siku ya tatu sikutoka kwenda kula. Ndipo nikamwona mama wa masjala akiifunika seva gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni; kumbe ikizima hukitoa kabla sijarudi. Baada ya dakika chache nikaigusa: moto!

"Shikamoo mama, lakini hivi vitundu ndizo pua zake!" nikafoka.

"Marahaba. Umeifanya mpya, mwanangu, halafu tuiache uchi?"

Jumatatu akaja na kitambaa kingine, amekiacha wazi penye kila feni na kukizungushia uzi mwekundu.

"Inapumua," akasema, "na imesitirika."

Haijazima tena. Kila mgeni anayeingia ofisini huisifia seva ile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ina memori kiasi gani.