Mtuhumiwa Mwenye Mkia

Wenzake kazini walimwita Mzee Ngazi, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa hakuna aliyemwona akitembea bila ngazi begani. Wapo walioapa kwamba hata kitandani analala nayo upande wa ukutani, mkewe upande wa mlangoni. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Alibakiza miezi kumi astaafu, na katika dunia hii alitaka kitu kimoja tu: aondoke na faili safi. Karakana nzima, faili lake peke yake halikuwa na neno "uzembe", naye alilitunza kama bibi harusi anavyotunza shela.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, umeme ukakatika mtaa mzima. Saluni zikabaki na wateja waliokaushwa nywele upande mmoja. Hayo yangesameheka. Lakini meneja wa shirika la umeme alikuwa ndani ya lifti ya shirika la umeme, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na alikaa humo dakika arobaini akimulika kwa simu bango lililoandikwa "Huduma Bila Kukatika".

Mzee Ngazi akapanda nguzo. Juu ya transfoma akamkuta kindi amelala chali, amekauka, kipande cha biskuti bado mkononi.

Kindi si mnyama wa ajabu. Iko miji ambako watu wazima huacha shughuli zao wakampiga picha na kumnunulia karanga. Iko mingine ambako huonekana panya tu aliyejaliwa mkia. Lakini kote, awe wa kijivu au wa kahawia, anaishi kwa imani moja: kwamba binadamu alitandaza nyaya ili yeye asikanyage lami. Na kila mji una fundi wake anayepanda kumwokota.

Kanuni ya shirika ilisema kitu chochote kilicholeta hitilafu kipelekwe stoo, kiandikiwe namba. Mtunza stoo akamtazama marehemu, akalitazama daftari lake.

"Hiki hakimo kwenye orodha, mzee wangu. Ungeleta boliti ningepokea."

"Na ushahidi niuweke wapi?"

"Kwako."

Kwa hiyo marehemu akaenda nyumbani ndani ya kopo la chakula. Mkewe akalifungua ili alioshe.

"Baba Pacha," akaita kwa upole wa hatari, "asubuhi nilikupa chakula kisicho na mkia."

"Ni ushahidi, mama. Usiuguse."

"Nisiuguse? Mimi na huo ushahidi wako, mmoja leo analala nje."

Ushahidi ukalala nje, chini ya ndoo, na tofali juu yake.

Kesho yake ikaja fomu ya hitilafu. Ilikuwa na visanduku vitano: Mvua, Upepo, Gari, Wizi, Uzembe wa Fundi. Zamani kilikuwepo cha sita, Mengineyo, ila kilifutwa baada ya wakubwa kugundua kwamba mafundi wote wanakipenda. Mvua haikunyesha, jua lilikuwa la kupasua kichwa. Upepo haukutikisa hata jani. Gari halipandi nguzo. Mzee Ngazi akafikiri, akajiambia: ile biskuti hakuinunua. Akatia alama kwenye Wizi.

Hakujua, kwa kuwa hajawahi kuibiwa hata waya wa shubiri moja, kwamba nakala ya Wizi huenda moja kwa moja polisi. Siku ya tatu akaja afande, na kalamu mbili mfukoni.

"Mtuhumiwa unamfahamu?"

"Kwa sura, afande."

"Eleza."

"Mfupi. Kahawia. Tumbo jeupe."

Afande akaandika. "Mavazi?"

"Hakuvaa chochote."

Kalamu ikasimama, kisha ikaendelea. Afande alikuwa ameona mengi. "Makazi?"

"Mti ulio nyuma ya ofisi ya meneja."

"Kazi yake?"

"Kama yangu. Kupanda."

"Mzee, unanichezea?"

"Nikuchezee wewe, na uzee huu? Ni kindi, afande."

Afande akaitazama karatasi. Ilikuwa imeshajaa wino nusu ukurasa, na karatasi za kituo zina namba. Kuchana moja ni kuandika barua tatu za maelezo. Akashusha pumzi, akauliza umri.

Ijumaa kamati ikaketi. Meneja hakuzunguka mbuyu.

"Mzee wangu, tusipotezeane muda. Tia alama Uzembe, tufunge faili, twende tukale."

"Bosi, sijazembea. Aliyezembea huyu hapa."

Akaweka kopo mezani, akaondoa kifuniko. Siku tatu za joto hazikumsaidia marehemu. Wajumbe wakasogeza viti nyuma kwa kauli moja, jambo ambalo halijatokea tangu kamati iundwe.

"Funika! Funika, mzee!"

"Nikifunika, mtaandika nini?"

Afande, aliyealikwa kama shahidi, akakohoa ndani ya leso. Sheria iko wazi, akasema: mtuhumiwa akifa, kesi inakufa naye. Akatoa muhuri, akaugonga: MTUHUMIWA AMEFARIKI ENEO LA TUKIO. Nyuso zote zikang'aa. Si kwamba walimwamini fundi, waliuona muhuri.

"Hapo sawa," meneja akasema, tai ameibana puani. "Iwe Wizi. Limebaki swali moja, ndipo nitie saini. Marehemu alikuwa na wenzake? Maana kama anao, fundi wa eneo alipaswa kutoa taarifa mapema, na asipotoa..." Akapekua ukurasa. "Ni uzembe."

Mzee Ngazi akatazama dirishani. Kwenye waya unaoingia humo ofisini kindi wanne walikuwa wakifukuzana, wa mwisho mdogo, bado anajifunza. Aliyetangulia akaketi, akaanza kutafuna ganda la waya kwa utulivu wa mtumishi mwenye ajira ya kudumu.

Akaligeuzia dirisha mgongo.

"Peke yake, bosi," akasema. "Alikuwa mpweke sana, masikini."

Meneja akatia saini, akapuliza wino ukauke, na Mzee Ngazi akalipokea faili lake kwa mikono miwili.