Nilivyokataa Kuinama Lugalo

Gego langu liling'olewa Tosamaganga nikiwa bado mchunga ng'ombe. Tulitembea na baba tangu alfajiri, shavu limevimba kama boga. Mlango wa hospitali ulikuwa wa buluu, au wa kijani, sikumbuki, machozi yalinijaa. Nilipoliona koleo nikataka kukimbia. Baba akanishika sikio. "Babu yako alikufa Lugalo na mkuki mkononi, wewe unakimbia koleo?" Nikafungua mdomo. Jino likatoka, na siku ile ndipo nilipojua nina babu. Kabla ya hapo nilijua nina ng'ombe tu.

Huyo babu ndiye aliyenitoa Mbeya, nilikokuwa nalinda ghala la mbao, miaka ile lami ya kwenda Zambia ilipokuwa bado mpya. Alikuja mpiga picha kutoka Dar, Ndugu Salehe, kijana wa ndevu na kamera mbili shingoni. Alitafuta mjukuu wa mtu aliyepigana na Wajerumani Lugalo, akampige picha kwenye mnara wa jiwe uliosimama pale. Picha ya sanaa, alisema, ya kutundikwa ukutani watu waitazame kimya. Nikamwambia mjukuu ndiye mimi. Lakini sanaa haikunihusu. Baba alipofariki alituachia kazi moja, mimi na dada yangu Sekinyaga: babu asikose ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, pale kwenye jiwe. Dada alimwaga kila msimu. Mimi nilikuwa nimekosa miaka mingi, na jambo hilo lilinisumbua.

Asubuhi tukaondoka Mbeya kwa Landrova. Salehe alisimama kupiga picha kila kitu, hata punda, hata mti uliokauka. Uyole mama mmoja alimrushia kiazi. Makambako baridi ikanipiga hadi kwenye mifupa, tukala ugali tumesimama karibu na jiko la watu. Nisiwachoshe. Iringa tulifika jioni, tukalala.

Kesho yake saa tatu tulikuwa Ilula kumchukua dada. Tulimkuta barabarani na matenga yake ya nyanya.

"Kamwene, mdogo wangu! Mbona umezeeka kunipita?" Akamtazama Salehe. "Na huyu mwenye ndevu za beberu?"

"Mpiga picha, dada."

"Anipige na nyanya zangu, labda zitanunuliwa."

Akachukua kibuyu cha ulanzi, tukarudi nyuma hadi Lugalo.

Pale jiwe limesimama peke yake, nyasi zimelizunguka. Salehe akaweka kamera juu ya miguu mitatu. Akanipa mkuki alionunua Dar, akaniambia nivue shati, nilitazame jiwe, niinamishe kichwa. "Kama mtu anayeomboleza, mzee."

Dada akasema nimwage kwanza. Nikapiga goti. "Babu, ni mimi. Usinikasirikie." Kabla tone halijadondoka, Salehe akauliza, "Mzee, unamwita nani?"

"Babu yangu. Si ndiye aliyeandikwa hapa?"

Akakohoa. "Hapa wameandikwa maofisa wa Kijerumani, mzee. Jiwe walijenga wao. Wenu hayupo hata mmoja."

Mimi nasoma Kiswahili kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Maandishi yale nilidhani ni usomi ulionizidi kimo. Baba hakusoma kabisa. Aliona jiwe moja tu mahali alipofia baba yake, akajua ni lake. Nani angedhani kwamba Wajerumani, waliopigwa pale na kina babu, ndio waliojengewa?

Dada akakaa chini kwenye nyasi. "Miaka yote hiyo! Ulanzi ule mtamu, kumbe nawanywesha Wajerumani!" Akacheka sana, kisha akajifuta macho kwa kanga, wala hakuwa anacheka tena.

Nikasimama. Nikaligeuzia jiwe mgongo, nikaelekea vichakani. Sikujua babu alianguka wapi, kwa hiyo nikamwaga huku natembea, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka kibuyu kikaisha.

"Mzee, geuka," Salehe akaita. "Picha inaharibika."

"Piga hivi hivi."

"Hivi haina huzuni."

"Huzuni ya nini? Babu yangu alishinda hapa!"

"Lakini ulikubali."

"Nilikubali kupigwa picha. Babu hakuwainamia hawa akiwa na mkuki wa kweli, mimi niwainamie na huu wa kuuzia watalii?"

"Haya, na Mbeya utarudije?"

Nikauegemeza mkuki wake kwenye gari. Nikavaa shati, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni. Tangu siku ile nikiona jiwe refu nauliza kwanza nani alilijenga, hata kama wenzangu wananiona msumbufu. Salehe akaniita tena, mara ya pili, mara ya tatu. Tukashika njia ya Ilula kwa miguu, dada mbele, mimi nyuma, na pale kwenye mnara sijakanyaga tena.